Mmea Ulao Wadudu Si Dawa, Wala Si Chandarua

Katika kiangazi cha mwaka 1860 Charles Darwin alikwenda kupumzika Hartfield, katika jimbo la Sussex nchini Uingereza, nyumbani kwa ndugu wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka 51. Kitabu chake juu ya asili ya spishi kilikuwa kimetoka mwezi Novemba uliotangulia, na bado kilikuwa kikizua ubishi kila upande. Binti yake Henrietta alikuwa akiumwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua kwa zaidi ya miaka ishirini: kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio, uchovu usioeleweka, maradhi ambayo madaktari wanabishana juu yake hata leo. Akitembea polepole katika nyika ya huko, aliona mmea mdogo ulio karibu na ardhi, wenye majani ya mviringo yaliyojaa vinyweleo, na kila kinywele kikiwa na tone la utomvu unaonata. Wataalamu huuita Drosera rotundifolia. Akachuma mimea kumi na miwili bila kuchagua, akahesabu majani yake: 56. Katika majani 31 palikuwa na wadudu waliokufa au mabaki yao.

Kuanzia hapo mgonjwa huyo alipata shughuli. Aliyapa majani nyama mbichi, ute wa yai, maziwa, mate na hata mkojo, akaona vinyweleo vikijikunja kuelekea chakula. Aliyapa sukari, wanga, mafuta ya zeituni na chai, yakakaa kimya. Aligundua kwamba kipande cha unywele wa binadamu chenye uzito usiofika sehemu moja ya elfu ya miligramu kilitosha kukiamsha kinywele kimoja cha jani. Mkewe Emma alimtania katika barua kwamba mumewe anautendea mmea huo kama kiumbe mwenye roho, na huenda mwishowe akathibitisha kuwa ni mnyama. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1875, miaka kumi na mitano baada ya matembezi yale.

Mmea haukumponya Darwin. Aliendelea kuugua, na hakuna mwandishi wa maisha yake anayedai vinginevyo. Ulichompa ni jambo la kuangalia katika siku ambazo mwili ulikataa kazi nyingine, na jambo hilo halikuhitaji nguvu, wala safari, wala kuinuka kitini zaidi ya hatua chache. Kwa mtu anayeishi na maradhi yasiyoondoka, hicho si kitu kidogo. Lakini si tiba. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayopotea siku hizi, na inapopotea, wanaoumia ni wagonjwa.

Kufuga mimea ilayo wadudu ni burudani ya watu wengi Ulaya, Marekani, Japani na kwingineko. Wapo wenye nyumba nzima za vioo, na wapo wenye chungu kimoja dirishani. Mmea ujulikanao zaidi, Dionaea muscipula, ambao Wamarekani huuita mtego wa nzi, sasa huzalishwa kwa wingi katika chupa za maabara na kuuzwa kwa bei ndogo. Afrika nayo haikunyimwa. Kisiwani Madagaska kuna mmea wa mitungi ambao Mfaransa Étienne de Flacourt aliuandika mwaka 1658, kabla ya mwenzake wowote wa jamii ya Nepenthes kutajwa kitabuni. Shelisheli wanao wa kwao, katika vilima vya Mahé na Silhouette. Katika vinamasi vya Afrika Mashariki huota Drosera madagascariensis, na katika madimbwi yake kuna Utricularia, mimea isiyo na mizizi ambayo chini ya maji ina vibofu vidogo vinavyofyonza windo kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wengi huipita bila kuijua. Mwenye kuinama huiona.

Mimea hii hailiwi na njaa ya nyama kama watu wanavyodhani. Hujitengenezea chakula kwa jua kama mmea mwingine wowote. Ardhi inakoota ndiyo maskini: haina naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, na mdudu ni mbolea yake. Ndiyo maana mbolea ya dukani huiua, na maji ya bomba au ya kisima yenye chumvichumvi huiua vilevile, polepole. Huhitaji maji ya mvua au maji yaliyokenekwa. Mfugaji anayeanza kwa huruma ya kuimwagilia na kuirutubisha sana ndiye huizika mapema. Anayedumu ni yule anayejifunza kuiacha, kuangalia, na kungoja. Jani la Dionaea halifungi kwa mguso mmoja. Hungoja wa pili ndani ya sekunde ishirini hivi, kisha hufunga kwa kasi ya kupepesa jicho, na kazi ya kumeng'enya huchukua siku kadhaa. Mtoto anayelazwa mara kwa mara kwa selimundu, au mzee aliyepooza upande mmoja, anaweza kuufuatilia mchezo huo wote akiwa amekaa.

Basi mhudumu wa afya anayesikia kwamba mgonjwa wake anafuga mimea ya ajabu asicheke. Aulize. Katika kliniki za maradhi sugu maswali huwa yaleyale: dawa umemeza, sukari ni ngapi, miguu inavimba. Swali la nini kinachomtoa mgonjwa kitandani asubuhi huulizwa kwa nadra, nalo mara nyingi lina jibu lenye manufaa kwa daktari. Mgonjwa aliyezoea kukagua majani kila siku na kuandika tarehe anaweza pia kuandika vipimo vya shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, akiulizwa kwa heshima atasema mambo mengine ambayo asingeyasema, na baadhi yake ni ya hatari.

La kwanza ni mbu. Mtu husikia kwamba uko mmea unaokula wadudu, naye anaishi panapo malaria. Hesabu anayoipiga ni nyepesi. Lakini hesabu hiyo haiko sawa. Mmea huvuta windo kwa rangi, kwa harufu na kwa utamu, na wanaokuja ni sisimizi, nzi, nyigu na vidudu vidogo vya udongoni. Mbu jike wa Anopheles anayetafuta damu usiku hafuati utamu wa jani. Hufuata pumzi, joto na harufu ya binadamu aliyelala. Mmoja mmoja atanasa, ndiyo, lakini chungu kumi dirishani havitalinda kitanda kimoja. Utricularia ni kweli hunasa viluwiluwi vya mbu, na majaribio ya maabara yameonyesha hivyo. Hata hivyo, bado ni mbali sana kutoka bilauri ya maabara hadi mtaa wenye mitaro iliyoziba. Chandarua chenye dawa kibaki mahali pake.

Jambo baya zaidi halimo katika mmea bali chini yake. Mimea hii hupenda miguu yake iwe majini, hivyo wafugaji huweka chungu ndani ya kisahani au beseni lenye maji wakati wote. Maji hayo ni ya mvua, safi, yametulia, yako kivulini, karibu na watu. Hakuna maelezo bora zaidi ya mahali anapopapenda Aedes aegypti, mbu aenezaye homa ya dengue na chikungunya, ambaye huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, na kila aliyefanya kazi wodini wakati huo anakumbuka wagonjwa waliokuwa wakitibiwa malaria ambayo hawakuwa nayo. Mbu huyu hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakaanguliwa yakipata maji. Kwa joto la pwani, yai hufikia kuwa mbu arukaye kwa wiki moja au zaidi kidogo. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi kila wiki, na pipa la kukingia maji ya mvua lifunikwe kwa wavu au kifuniko kisicho na mwanya. Hata mitungi ya mimea yenyewe si salama kama inavyoonekana. Huko Amerika ya Kaskazini yuko mbu, Wyeomyia smithii, ambaye viluwiluwi wake hukulia ndani ya mtungi wa Sarracenia purpurea bila kumeng'enywa, na katika mitungi ya Nepenthes ya Asia wako wengine wafanyao hivyohivyo. Mtu amenunua mtego, akawajengea mbu nyumba.

La pili ni dawa, na hapa inafaa maneno yawe makali zaidi. Tangu karne ya 20 ilipokuwa ikielekea mwisho, maji yaliyokamuliwa kutoka Dionaea yamekuwa yakiuzwa, kwanza Ujerumani na kisha nchi nyingine, kwa ahadi ya kutibu saratani. Msingi wa ahadi hiyo unavutia kwa masikio: mmea unaomeng'enya nyama ya mdudu utameng'enya pia nyama mbaya ya uvimbe. Huo ni mfanano wa maneno tu. Wauzaji wasomi zaidi hutaja plambajini, kemikali iliyomo katika mimea kadhaa ya jamii hii, ambayo katika maabara huua chembe za saratani. Ni kweli huziua. Jiki nayo huziua. Kemikali inayoua chembe ndani ya kisahani cha kioo bado haijajibu maswali yanayohusu mgonjwa: inafika kwenye uvimbe kwa kiasi gani, inaua chembe zipi nyingine njiani, na je, anayeitumia anaishi muda mrefu kuliko asiyeitumia? Kwa dondoo la Dionaea hakuna jaribio la kitabibu lenye kundi la kulinganisha lililoonyesha kwamba linaponya saratani kwa binadamu. Dawa kadhaa za saratani zinazoheshimika zilitoka katika mimea, na vinkristini iliyotoka katika mmea wa Madagaska huokoa watoto wenye saratani ya damu kila siku. Lakini zilipimwa kwanza, kwa miaka, na zile zilizoshindwa zikaachwa.

Gharama ya ahadi hiyo si fedha tu, ingawa fedha nazo si haba. Ni miezi. Mwanamke mwenye uvimbe titini anayejaribu matone ya mmea kwa nusu mwaka kabla ya kwenda hospitali anaweza kuwa ametoka kwenye hatua ambayo upasuaji ungemtosha na kuingia kwenye ile ambayo madaktari hupunguza tu maumivu. Na yule aliye tayari kwenye dripu za dawa za saratani, akimeza dondoo kwa siri, humwacha daktari wake akitafuta chanzo cha ini kuharibika mahali kisipo. Siri hiyo mara nyingi hutokana na kuogopa kukemewa. Kwa hiyo lawama haimwangukii mgonjwa peke yake.

Drosera nayo ina hadithi yake, iliyo ndogo lakini ya karibu zaidi na wasomaji wa huku. Kwa karne nyingi Ulaya imeitumia kwa kikohozi, na leo, kwa kuwa ile ya Ulaya imeadimika na kulindwa na sheria, sehemu kubwa ya malighafi ni Drosera madagascariensis inayochumwa porini Madagaska. Kikombe cha majani kwa mafua ya siku tatu hakimdhuru mtu mzima sana. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni jambo jingine kabisa; hicho hupimwa kifua kikuu, na jani lolote linalokituliza huenda linamsaidia mgonjwa kuiambukiza nyumba nzima kwa utulivu.

La tatu ni mikono. Mimea hii haipandwi katika udongo wa kawaida bali katika sfagnamu, majani laini ya kinamasi yafyonzayo maji kama sponji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliikausha na kufungia majeraha ya askari pamba ilipopungua, na ilifanya kazi vizuri. Sifa hiyo njema isimsahaulishe mfugaji tukio la mwaka 1988 nchini Marekani: watu 84 katika majimbo 15 waliugua sporotrikosisi, maradhi ya fangasi ya ngozi, baada ya kushika miche ya miti iliyofungashwa kwa sfagnamu ya Wisconsin. Fangasi huingia kupitia mchubuko mdogo. Huanza kama kivimbe kisichouma kidoleni au mkononi, kikapasuka na kuwa kidonda kisichopona kwa dawa za bakteria, kisha vivimbe vingine hujipanga kupanda mkono kwa kufuata mishipa ya limfu. Mganga akiuona mstari huo aulize habari za bustani kabla ya kubadilisha antibayotiki kwa mara ya tatu. Itrakonazoli huutibu, ila huchukua miezi. Udongo wa mifuko pia una lake: huko Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 ulihusishwa na nimonia inayoletwa na bakteria wa Legionella longbeachae, na tangu hapo mifuko ya huko huandikwa onyo.

Je, wenye kinga dhaifu wakatazwe? Wapo madaktari watakaosema ndiyo, na kwa mgonjwa aliyetoka kupandikizwa uboho au ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka kabisa kwa dawa, wana haki. Kwa wengine wengi, wakiwemo waishio na virusi vya Ukimwi wanaotumia dawa vizuri, katazo la jumla ni uvivu wa kufikiri. Glavu, kuloweka sfagnamu kabla ya kuichambua ili vumbi lisiruke, barakoa wakati wa kufungua mfuko, kunawa mikono kwa sabuni, na kumwachia ndugu kazi ya kubadilisha chungu: hayo yanatosha kumwachia mtu furaha yake.

Linabaki suala la kukusanya, ambalo kwa kawaida haliingii katika jarida la afya, ila ugonjwa wa kutaka zaidi nao ni ugonjwa. Dionaea huota kwa asili sehemu moja tu duniani, katika nyika za pwani za North Carolina na South Carolina kandokando ya mji wa Wilmington, na wizi wake ulizidi hata North Carolina ikaufanya kosa kubwa la jinai kuanzia Desemba 2014. Nepenthes rajah wa mlima Kinabalu, ambaye mtungi wake hufikia sentimita 41 na hupokea kinyesi cha wanyama wadogo wanaokuja kulamba utamu wa kifuniko chake, yuko katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES. Mmea uliong'olewa mlimani mara nyingi hufa kwa joto la nyumba ya mnunuzi kabla ya mwaka kwisha. Ule uliozalishwa maabarani umezoea chungu na hugharimu kidogo. Mfugaji mwenye busara huuliza muuzaji mmea umetoka wapi, na akijibiwa kwa maneno yanayozunguka, huondoka.

Itasemwa kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba muuguzi mwenye wagonjwa sitini asubuhi moja hana dakika ya kuzungumzia majani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini visahani vya maua viko kwenye kila ngazi na kila baraza, mjini na kijijini, na mbu wa dengue habagui kati ya mmea wa Kinabalu na mrehani wa bibi. Matone ya kutibu saratani hutangazwa redioni kwa majina mengine kila mwezi. Swali moja, “Nyumbani unapanda nini, na kuna chochote cha mimea unachokunywa?”, halichukui dakika nzima.

Aliyeonyesha namna nzuri ya tiba kukutana na mmea huu alikuwa John Burdon-Sanderson, daktari aliyewahi kuwa ofisa wa afya wa Paddington, London. Darwin alimwomba msaada, na mwaka 1873 Burdon-Sanderson akaunganisha jani la Dionaea na vifaa vya kupima umeme, akaona kwamba jani likiguswa hupitiwa na mkondo unaofanana na ule wa msuli wa mnyama. Hakulikamua jani wala kulitia chupani. Alilipima, akaandika alichokiona.